Jinsi ya kusoma picha ya mwigizaji wa kabuki: anza na mihuri, uso uje mwisho

Picha ya mwigizaji wa kabuki iliyopigwa chapa kwa ubao ina tabia ya kumteka mtu kwa uso wake. Macho yamekengeuka, mdomo umebanwa ukashuka pembeni, nyusi zimepandishwa, na kabla hujajua umeshaanza kumtungia hadithi. Mwongozo huu unakuomba uuache uso kwanza. Majibu ya nani, lini, wapi na mchezo gani yako kwenye vitu vidogo: mihuri ya pembeni, nembo iliyo kwenye mkono wa vazi, ukubwa wa karatasi, hata mgongo wake. Ukishayajua hayo, ndipo uso utakapokwambia jambo la kweli.

Unaweza kufuata hatua hizi ukiwa na karatasi yenyewe mkononi, au ukiwa na picha kubwa iliyopakuliwa kwenye tovuti ya makumbusho. Mfano nitakaoutumia sana ni picha ya mchoraji Tōshūsai Sharaku ya mwaka 1794: mwigizaji Ichikawa Ebizō akiwa Takemura Sadanoshin. Pamoja nayo nitamgusa mwenzake maarufu zaidi, Ōtani Oniji wa tatu akiwa Edobei, ambaye nakala yake moja iko Metropolitan Museum mjini New York. Ifungue moja kwenye simu au kompyuta sasa hivi, uwe unasoma huku ukitazama.

Ujue kwanza unachokitazama

Kabuki ni tamthilia ya mjini. Tangu mwaka 1629 serikali ya ukoo wa Tokugawa ilipowapiga wanawake marufuku jukwaani, waigizaji wote wakawa wanaume, na majukumu ya kike yakachukuliwa na wanaume waliobobea humo. Mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, ulikuwa na kumbi kuu tatu zenye kibali. Waigizaji walipendwa kama wanavyopendwa wachezaji wa mpira leo, na mashabiki walinunua picha zao kwa bei isiyopishana sana na ya bakuli la tambi. Kwa hiyo usidhani hii ilikuwa sanaa ya kutundikwa kwenye kasri. Ilikuwa bidhaa ya dukani, iliyotolewa haraka wakati mchezo ungali jukwaani, na ndiyo maana tarehe zake zinaweza kubanwa mpaka mwezi.

Jambo la pili: picha moja ilipitia mikono minne. Mchapishaji alitoa mtaji na kuamua kitu gani kitauzwa. Mchoraji alichora kwa wino. Mchongaji aliugandisha mchoro huo juu ya ubao wa mcheri na kuchonga, ubao mmoja wa mistari na mbao nyingine kwa kila rangi. Mpiga chapa aliweka karatasi ya mforosadi juu ya ubao uliopakwa rangi na kuisugua mgongoni kwa kisugulio cha mviringo, bila mashine yoyote. Uchapaji wa rangi nyingi namna hii ulishika kasi Edo kuanzia mwaka 1765. Sahihi unayoiona ni ya mmoja tu kati ya hao wanne.

Hatua ya 1: Andaa meza

Nawa mikono, ikaushe kabisa. Glavu za pamba hazina faida hapa, zinakunyima hisia ya karatasi na zinaweza kunasa kwenye ukingo uliochanika. Tandaza karatasi nyeupe safi mezani. Uwe na rula, penseli (kalamu ya wino isikaribie kabisa), lenzi ya kukuza mara 10, na tochi ndogo. Inua picha kwa mikono miwili, usiishike kona moja ikaning'inia.

Piga picha kwa simu: mbele nzima, nyuma nzima, halafu kila muhuri na kila maandishi kwa karibu. Kama imewekwa kwenye fremu na imegundishwa kwa gundi, usiibandue mwenyewe. Fanya kazi na kinachoonekana.

Hatua ya 2: Pima

Ukubwa uliozoeleka kwa picha za uso na kifua ni takriban sentimita 39 kwa 26. Nusu ya hiyo ni kama 26 kwa 19, uliopendwa sana Osaka. Upo pia ukubwa mwembamba wa kama 33 kwa 15, unaomwonyesha mwigizaji mzima amesimama. Nyingi zimekatwa kingo ili zibandikwe kwenye albamu, kwa hiyo upungufu wa sentimita moja au mbili usikutie wasiwasi. Matundu madogo yaliyojipanga ukingoni ni dalili ya kushonwa albamuni.

Ukikuta “Sharaku” wa ukubwa wa bango, jibu umeshalipata: hiyo ni ya kisasa. Na ukiona upanga au mkono umekatika ghafla ukingoni, huenda una kipande kimoja cha picha ya karatasi mbili au tatu.

Hatua ya 3: Soma mihuri

Hapa ndipo pa kutumia muda. Tafuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni sahihi: safu ya herufi inayosimama wima, mara nyingi ikiishia na 画 au 筆, yaani “amechora” au “kwa brashi ya”. Ya Sharaku katika kundi lake la kwanza inasomeka 東洲斎写楽画. Kwenye kazi zake za mwisho mwisho ile sehemu ya mbele, Tōshūsai, iliachwa, likabaki Sharaku peke yake. Kwa Kunisada, aliyechora waigizaji wengi kupita kiasi, kuanzia mwaka 1844 utakuta jina la mwalimu wake, Toyokuni, mara nyingi ndani ya kisanduku chekundu au cha njano. Wanaoanza hapo huchanganya watu wawili. Toyokuni wa kwanza alifariki mwaka 1825, kwa hiyo muhuri wa baadaye ukiwepo, yeye hayumo.

Cha pili ni alama ya mchapishaji. Kwa picha zetu mbili ni jani la mtambaazi chini ya vilele vya mlima. Hiyo ni nembo ya duka la Tsutaya Jūzaburō, mtu aliyethubutu kumtoa mchoraji asiyejulikana kwa mkupuo wa picha kubwa 28 zenye usuli wa kumetameta.

Cha tatu ni muhuri wa ukaguzi, na huu ndio saa yako. Serikali ilitaka kila mchoro ukaguliwe kabla ya kuchongwa, na mtindo wa muhuri ulibadilika mara kwa mara. Kuanzia 1790 mpaka 1842 ulikuwa mduara mdogo wenye herufi moja, 極, yaani “umekaguliwa kikamilifu”. Kwenye picha ya Ebizō utaukuta. Kati ya 1842 na 1846 muhuri ni mmoja wenye jina la mkaguzi. Kuanzia 1847 mpaka 1852 wakaguzi ni wawili, mihuri miwili. Mwaka 1852 wakaongeza muhuri wa tatu wa tarehe. Mwishoni mwa 1853 majina yakaondoka, ukabaki muhuri wa 改, “umepitiwa”, na wa tarehe kando yake. Mwaka 1858 tarehe ikabaki peke yake. Kuanzia 1859 mpaka 1871 vyote viwili vikaunganishwa kwenye mduara mmoja. Baada ya mwaka 1875 mfumo ulikufa, na ukingoni utakuta jina la mchapishaji na anwani yake.

Muhuri wa tarehe hauandiki mwaka kwa tarakimu, unaandika mnyama. Nakili mpangilio huu kwenye daftari: 子 panya 1852, 丑 ng'ombe 1853, 寅 chuimilia 1854, 卯 sungura 1855, 辰 joka 1856, 巳 nyoka 1857, 午 farasi 1858, 未 kondoo 1859, 申 nyani 1860, 酉 jogoo 1861, 戌 mbwa 1862, 亥 nguruwe 1863, kisha panya anarudi 1864. Kando ya mnyama pana namba ya mwezi, 一 二 三 na kuendelea. Ukiona 閏, huo ni mwezi wa nyongeza.

Miezi hiyo ni ya kuandama. Kalenda yao ilifuata mwezi kama ya Kiislamu, ila wao waliongeza mwezi wa 13 kila miaka michache ili majira yasihame. Kwa hiyo “mwezi wa 5 wa 1794”, ambao ndio wa picha za Ebizō na Oniji, si Mei yetu. Unaangukia karibu na Juni. Mwaka huo ulikuwa na mwezi wa 11 mara mbili, na Sharaku alichora katika yote miwili. Kazi yake yote iliyobaki, picha zaidi ya 140, imo kati ya mwezi wa 5 wa 1794 na mwezi wa 1 wa 1795. Baada ya hapo kimya.

Tahadhari mbili. Picha nyingi za Osaka hazina mihuri hii, kukosekana kwake si kasoro. Pili, picha za kumuaga mwigizaji aliyefariki zilitolewa kwa pupa na nyingi hazina muhuri wala sahihi. Ichikawa Danjūrō wa nane alipojiua Osaka mwezi wa 8 wa mwaka 1854, picha za maombolezo zilifurika sokoni, na zilizo nyingi hazisemi nani kazichora.

Hatua ya 4: Tafuta nembo ya ukoo

Kwenye picha zetu mbili Sharaku hakuandika jina la mwigizaji. Hakuhitaji, mnunuzi wa Edo aliitambua nembo. Angalia mikono ya vazi, kifuani, kwenye feni na kwenye kitana. Kwa Ebizō, mkononi mwa vazi la rangi ya kahawia iliyoiva pana miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Hivyo ni vibaba vitatu vya kupimia mchele vilivyopachikwa, nembo ya ukoo wa Ichikawa Danjūrō, na ni nembo ya kwanza ya kujifunza kwa sababu utaikuta kila mahali.

Nyingine za kukariri mapema: feni zilizopandiana pamoja na majani ya mwaloni ni za Onoe Kikugorō, feni tatu ndani ya duara ni za Iwai Hanshirō, ua la petali nne lenye umbo la almasi ni la Matsumoto Kōshirō, fungu la pamba lililofungwa kati ni la Segawa Kikunojō, herufi tatu za 大 zilizopangwa pamoja ni za Bandō Mitsugorō. Kwa hizo tu utafika mbali.

Lakini nembo hukupa ukoo tu. Jina la kisanii lilirithiwa, na mtu mmoja alibadilisha jina mara kadhaa maishani. Ebizō wa picha yetu alikuwa Danjūrō wa tano mpaka mwaka 1791, alipomwachia mwanawe jina. Oniji naye baadaye akawa Nakamura Nakazō wa pili. Ndiyo maana hatua ya 3 hutangulia: tarehe na nembo zikikutana, mtu anapatikana.

Kuna mtego mmoja. Mwaka 1842 serikali ilipiga marufuku picha za waigizaji, na zilipoanza kurudi taratibu ziliachwa bila majina ya waigizaji kwa miaka kadhaa. Kipindi hicho hicho Danjūrō wa saba, wakati huo akijiita Ebizō, alifukuzwa Edo kwa kuishi kifahari kupita hadhi yake. Ukikutana na picha ya mchezo wa Edo ya mwaka 1845 ukamtaja yeye, jiulize tena. Vilevile usidhani kila picha inaonyesha mchezo uliochezwa kweli. Mwaka 1852 Kunisada alitoa mfululizo wa waigizaji wakiwa kwenye vituo vya barabara ya Tōkaidō, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kufa. Ilikuwa ndoto ya shabiki: laiti fulani angecheza nafasi fulani.

Hatua ya 5: Mwigizaji ni mmoja, mhusika ni mwingine

Hili huwachanganya wengi. Kila picha ina watu wawili ndani ya mwili mmoja. Mavazi, nywele na vipodozi ni vya mhusika. Pua, taya na macho ni ya mwigizaji.

Kipande cha kitambaa cha zambarau juu ya paji la uso kinaonyesha mwanamume anayecheza mwanamke. Kinafunika sehemu ya nywele ambayo sheria ilimtaka anyoe. Mistari minene myekundu usoni ni ya shujaa mwenye nguvu na hasira ya haki. Buluu huelekea uovu au mzuka. Panga mbili kiunoni ni za samurai. Kwenye picha za miaka ya 1850 na 1860 kazi ni rahisi zaidi, maana jina la mhusika limeandikwa kisandukuni, na mara nyingi la mwigizaji pia.

Mchezo wa picha zetu mbili ulichezwa kwenye ukumbi wa Kawarazaki. Sadanoshin ni bingwa wa tamthilia ya nō ambaye binti yake ameleta aibu nyumbani, naye anaibeba aibu hiyo kwa kujiua. Edobei ni mtumishi mkorofi aliyetumwa kumpora mwenzake fedha. Aliyeporwa, Ippei, anachezwa na Ichikawa Omezō, na Sharaku alimchora kwenye karatasi yake. Ziweke mbili hizo ubavu kwa ubavu, utaona mwizi na mhanga wanakabiliana.

Hatua ya 6: Sasa uso

Mtazame Ebizō. Mikunjo ya paji ni michache, imechongwa kwa mstari mwembamba usiotetemeka. Mikono imeshikamana mbele ya kifua. Ni mtu mzima wa miaka hamsini na ushee, na Sharaku hakumpunguzia hata mwaka mmoja. Anayejua kwamba Sadanoshin yuko njiani kufa anauona ule mkazo wa vidole kwa namna nyingine kabisa.

Kwa Oniji tazama viganja. Vimechomoza kifuani, vidole vimetanuliwa kama vya mtu anayetaka kurukia kitu, na ni vidogo kuliko uso ule unavyodai. Kuna wanaosema mchoraji alishindwa na mikono. Mimi sikubali: udogo wake unausukuma uso mbele, na shingo iliyotangulia mwili inafanya kazi hiyo hiyo. Hicho ni kile kitambo ambapo mwigizaji hujigandisha jukwaani kwenye kilele cha tendo, macho yakavutwa pamoja, ukumbi ukashangilia.

Linganisha na picha ya Toyokuni wa kwanza ya miaka hiyo hiyo. Toyokuni anampendezesha mwigizaji, Sharaku anamwonyesha. Mashabiki hununua nini zaidi, unajua mwenyewe.

Hatua ya 7: Ni ya zamani au ni nakala?

Chukua lenzi. Ukiona nukta ndogondogo za rangi zilizojipanga, hiyo imetoka kwenye mashine ya uchapaji, na kazi imekwisha. Chapa ya ubao ina rangi tandazo, na ukingo wa mstari una wino mzito kidogo ulikobanwa.

Geuza. Karatasi halisi imekunywa rangi, kwa hiyo umbo la picha huonekana mgongoni, pamoja na mikwaruzo ya duara ya kisugulio. Zima taa, laza tochi mezani mwanga upite sambamba na karatasi: utaona mabonde yaliyobonyezwa na ubao.

Nukta zisipokuwepo bado hujamaliza. Japani imekuwa ikichonga upya mbao za picha maarufu, na wachongaji wa Taasisi ya Adachi mjini Tokyo wanaifanya kazi hiyo hadi leo, kwa mkono na kwa heshima. Nakala hizo ni chapa za ubao kweli, zina sahihi na mihuri yote ya asili, kwa sababu nayo imenakiliwa. Hapa dawa ni kulinganisha. Chukua picha ya makumbusho, kuza mstari wa nywele kwenye kipaji, kona ya mdomo na kitanzi cha sahihi. Ubao mpya hautafuata mstari wa zamani sawasawa. Tazama pia ukingo na mgongo kama pana muhuri wa mtengenezaji wa kisasa.

Rangi nazo hutoa ushahidi. Buluu ya Prusia ilienea kwenye picha hizi kuanzia kama 1830, kwa hiyo haina haki kuwepo kwenye ya 1794. Rangi za anilini, nyekundu na zambarau za kuwaka, ziliingia kutoka Ulaya miaka ya 1860 na zimejaa kwenye kazi za Toyohara Kunichika. Rangi za mimea za kabla ya hapo hufifia, hasa buluu ya maua na waridi. Sharaku mwenye rangi zote kali kama za jana anahitaji maelezo. Usuli wake wa kijivu cheusi ulitiwa ulanga, yale madini yanayometameta. Uinamishe taratibu chini ya mwanga uone kama unameta, na kama umechubuka.

Hatua ya 8: Hakikisha

Tovuti ya ukiyo-e.org hukuruhusu kupakia picha yako na kutafuta zinazofanana katika makusanyo mengi kwa mara moja. Kwa waigizaji hasa, hazina kubwa ni ya Makumbusho ya Tamthilia ya Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo. Museum of Fine Arts ya Boston na British Museum nazo hutoa majina ya mwigizaji, mhusika na mchezo. Ukikuta makumbusho mawili yanatofautiana, rudi kwenye muhuri na nembo uamue.

Hatua ya 9: Andika na uhifadhi

Andika kumbukumbu kwenye karatasi tofauti, si kwenye picha, kwa mpangilio huu: “Sharaku, Ichikawa Ebizō akiwa Takemura Sadanoshin, ukumbi wa Kawarazaki, mwezi wa 5, 1794, mchapishaji Tsutaya Jūzaburō, muhuri 極, sentimita ngapi kwa ngapi, kingo zimekatwa au la, chapa ya zamani, ya kuchongwa upya, au ya mashine.” Penye shaka weka alama ya kuuliza.

Laza picha ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, kati ya kadibodi mbili za aina hiyo hiyo. Seloteipu na gundi ya dukani ni sumu yake kuu; doa la seloteipu halitoki. Ukiitundika, iwe kwenye ukuta usiopigwa na jua, kioo kisiguse karatasi, na baada ya miezi mitatu au minne ishushe ipumzike gizani. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja, adui ni unyevunyevu kuliko jua: usiiweke kwenye kabati linalogusa ukuta wa nje, weka vipakiti vya kukausha hewa ndani ya boksi, na ufungue kukagua kila mvua za masika zikiisha. Vidoa vya kahawia vikianza, au unga wa ukungu, usivifute kwa kitambaa. Tenga picha hiyo na zenzake, iache sehemu kavu yenye hewa, na umtafute mtaalamu wa kukarabati karatasi.

Akija mtu na bei, mwulize kwanza anavyousoma muhuri wa ukaguzi.